Kurasa za Mwisho za Ripoti

Kwa muda wa miaka zaidi ya 20 kazi yangu ilikuwa kusoma ripoti za watu wengine. Nilikuwa ofisa mikopo katika chombo kimoja cha fedha hapa Dar es Salaam, na kila aliyetaka mkopo mkubwa wa kujenga kiwanda, kununua boti za uvuvi au kufufua shamba la mkonge alituletea ripoti ya upembuzi yakinifu iliyojalidiwa vizuri, mara nyingi kwa jalada la bluu lenye maandishi ya dhahabu. Ripoti hizo zilikuwa na kurasa mia, mia mbili, na moja ninayoikumbuka ilipita mia nne. Nitasema jambo ambalo wenzangu wa kazi ile wanalijua ila hawalisemi mbele ya washauri waliolipwa kuziandika: hakuna mjumbe wa bodi anayezisoma kurasa zote hizo. Husoma muhtasari, hufungua nyuma akasoma hitimisho na mapendekezo, hutupia jicho jedwali moja la fedha, basi. Kikao kinaanza saa nne asubuhi na faili ameletewa jana jioni.

Kwa hiyo kurasa nne au tano za mwisho ndizo zinazoamua. Zile nyingine ni ushahidi wa kuitwa pale anapotokea mtu mbishi. Na hizo nne au tano, ndugu msomaji, ndizo zinazoandikwa ovyo kuliko zote. Sababu haiko mbali. Huandikwa mwisho, mtafiti akiwa hoi, posho ya safari imekwisha, mchapaji anangoja, na mteja anapiga simu kila asubuhi kuuliza. Mtu aliyekaa miezi mitatu akihesabu magunia mnadani huiandika sura ya mwisho kwa usiku mmoja.

Tuanze na majina yenyewe, maana tunayatamka kama pacha na wala si ndugu. Mtoto wa pwani aliyemaliza kuusoma msahafu kwa mwalimu wake husemwa amehitimu, na siku hizi tunalitumia neno hilohilo kwa mwenye shahada. Hitima nayo ni kisomo cha kumwombea marehemu. Ndani ya maneno hayo yote mna wazo moja, kwamba kitu kimekamilika na aliyekikamilisha amekipitia chote. Mtu hahitimu juzuu asizozisoma. Pendekezo limetoka ukoo mwingine. Limezaliwa na kupenda. Kupendekeza ni kulifanya jambo lipendeze mbele ya mwenye kuamua. Hitimisho linatazama nyuma, kwenye yale yaliyoonekana. Pendekezo linatazama mbele, kwa mtu atakayetenda. Na lugha yetu, kwa ujanja wake, imeweka hapo mtego: kati ya kupendekeza na kujipendekeza ipo silabi moja tu. Nimesoma ripoti nyingi ambazo silabi hiyo ilikuwa imeingia bila mwandishi kuiandika.

Jioni za miaka kadhaa nilifundisha pia vijana waliokuwa wakiandika ripoti za utafiti kwa ajili ya stashahada ya biashara. Nilikuwa nikiwapa mfano wa kubuni, nao ni huu. Mwenye mashine ya kusaga na kukoboa kule Manzese anataka kujua kwa nini wateja wake wamepungua. Mtafiti anawahoji watu 60. Kati yao, 41 wanasema wamehama kwa sababu mashine huharibika mara kwa mara nao hukaa kwenye foleni hadi jua kuzama; 9 wanalalamikia bei; waliobaki wana sababu mbalimbali. Sasa andika hitimisho. Vijana wengi waliandika hivi: asilimia 68 ya waliohojiwa walisema mashine huharibika. Hapana. Hayo ni matokeo yaleyale, tumeyasoma kurasa kumi zilizopita, sasa yamevalishwa asilimia. Hitimisho ni kujibu swali la mwenye mashine: wateja hawakimbii bei, wanakimbia kungoja. Sentensi hiyo haikutamkwa na yeyote kati ya wale 60. Ni ya mtafiti mwenyewe, ndiye anayeibeba, naye anaweza kuulizwa juu yake. Nadhani hofu ya kuulizwa ndiyo inayowafanya watu warudie matokeo na kuyaita hitimisho.

Kisha mapendekezo. Kijana mmoja, hodari sana wa hesabu, aliandika kwamba mwenye mashine afungue tawi Mbagala. Nilimwuliza, Mbagala imetokea wapi? Hakuna hata mmoja wa wale 60 aliyeitaja. Alinijibu kwa adabu kwamba, mwalimu, Mbagala kuna watu wengi. Ni kweli kuna watu wengi. Lakini jambo hilo halikutafitiwa, na pendekezo lisilo na mzizi katika hitimisho ni maoni ya mpita njia yaliyopigwa chapa. Pendekezo la haki lingekuwa dogo, tena la kuchosha: nunua mota ya akiba, weka fundi wa mkataba, pima muda wa foleni kwa miezi mitatu, kisha utazame kama wateja wanarudi. Vijana hawakulipenda. Waliona halina hadhi ya utafiti.

Hadhi ndiyo iliyoiponza ripoti mashuhuri kuliko zote za biashara zilizowahi kuandikwa juu ya nchi hii, nayo ni ile iliyozaa Mpango wa Karanga. Wengi tunausimulia mpango ule kama hadithi ya wazungu waliokuja kulima Kongwa wakashindwa. Mimi huusimulia kama hadithi ya sura ya mwisho ya ripoti.

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita. Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company iliyokuwa chini ya Unilever, alipita Tanganyika, akayaona mapori makubwa, akaipelekea serikali ya Uingereza wazo la kulima karanga kwa matrekta. Ukaundwa ujumbe wa watu watatu. Kiongozi wake alikuwa John Wakefield, aliyekuwa amewahi kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika. Alikuwemo David Martin, mtu wa mashamba wa kampuni ileile ya United Africa. Na John Rosa, aliyetoka upande wa uchumi katika ofisi ya makoloni. Walikaa huku kwa takriban wiki tisa, sehemu kubwa ya ardhi wakiitazama kutoka kwenye ndege, na kufikia Septemba 1946 ripoti ilikuwa tayari.

Sasa tazama walichopendekeza. Yafyekwe mashamba 107, kila moja ekari 30,000. Jumla ekari 3,210,000. Kati ya hayo, 80 yawe Tanganyika, 17 Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, na 10 Kenya. Gharama ziwe kama pauni milioni 24 kwa miaka sita. Nimeisoma hesabu hiyo mara nyingi na kila mara jicho langu hukwama kwenye ile 107. Si mia, si mia na kumi. Mia moja na saba! Mtu aliyekaa wiki tisa katika nchi inayoizidi Uingereza kwa ukubwa mara kadhaa anawezaje kujua kwamba mashamba yanayofaa ni 107? Kwa hakika alijua kugawanya, hakujua udongo. Lakini msomaji wa London alipoiona tarakimu kamili namna ile aliamini kwamba nyuma yake kuna upimaji kamili. Tarakimu iliyonyooka katika mapendekezo ina nguvu ya kiapo. Kama wangeandika kwamba yawezekana ni mashamba kati ya matano na mia, na kwamba tofauti hiyo itajulikana baada ya misimu miwili ya majaribio, wangekuwa wamesema kweli, na mpango ungesubiri. Majaribio hayakufanywa. Februari 1947 mpango uliwekwa mbele ya Bunge la Uingereza kama hati rasmi, na mwanzoni mwa mwaka huohuo kikosi cha kwanza kilikuwa kimekwishafika Kongwa.

Lazima niwatendee haki waandishi wale. Wakefield hakuwa mgeni wa kupita, aliijua Tanganyika kuliko wakubwa waliomtuma. Na ripoti yao ilidhani patakuwa na mitambo mizito ya kufyekea, wakati dunia iliyotoka vitani ilikuwa na mabaki tu: matrekta makuukuu ya jeshi kutoka Ufilipino, na vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa na kiwanda cha Vickers kuwa matrekta. Ila hapo ndipo penye kosa la uandishi ninalolizungumzia. Kama pendekezo linategemea mitambo fulani, basi mitambo hiyo iandikwe ndani ya pendekezo lenyewe, katika sentensi ileile, si katika sura nyingine: fyekeni iwapo mtapata mashine za aina hii, msipozipata msifyeke. Sharti likikaa mbali na amri, amri husafiri peke yake.

Na udongo wa Kongwa ulikuwa na maneno yake. Una mfinyanzi unaokauka kiangazi ukawa kama saruji, ukala majembe ya plau, na karanga, kama ajuavyo kila mkulima, huzaa chini ya ardhi na lazima zing'olewe. Mvua ya Ugogo nayo haina ahadi. Kati ya 1917 na 1920 Wagogo walipatwa na njaa kubwa waliyoiita Mtunya, na mwaka 1946 ilikuwa haijapita hata miaka thelathini. Wazee wa Kongwa waliikumbuka kwa matumbo yao. Wao walipanda uwele na mtama na kufuga ng'ombe wakijua kwa nini. Ushahidi huo ulikuwepo, haukuhitaji ndege. Lakini sura ya mwisho ya ripoti haiwezi kuhitimisha kile ambacho sura za kati hazikukiuliza, na matumbo ya Wagogo hayakuwa na jedwali.

Mwaka wa kwanza lengo lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Mwaka 1948 kazi ilihama kutoka United Africa Company kwenda shirika jipya la serikali, Overseas Food Corporation, na katika bodi ya shirika hilo waliketi Wakefield na Rosa, yaani waandishi wawili kati ya watatu wa ripoti. Mwaka 1949 waliondolewa. Januari 1951 mpango ulitangazwa kuwa umekwisha, na pauni milioni 36.5 zikafutwa kwenye vitabu. Huku kwetu ilibaki bandari ya Mtwara, ambayo ingali inafanya kazi, na reli ya Nachingwea iliyofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Kinachonikera kuliko hasara ni mpangilio wa watu. Mwenye wazo alikuwa kampuni. Mmoja wa wapelelezi wa wazo alikuwa mtumishi wa kampuni. Mtekelezaji wa kwanza alikuwa kampuni. Na waandishi wakawa wajumbe wa bodi ya mtekelezaji wa pili. Katika mzunguko huo nani angeandika hitimisho lisemalo hapana? Sidai kwamba kulikuwa na rushwa, wala halihitajiki neno hilo. Mtu mwaminifu kabisa akiulizwa swali na yule atakayefurahi kusikia ndiyo, kalamu yake huteleza kidogo. Katika miaka ya 1990, mashirika ya umma yalipokuwa yakibinafsishwa, tulipokea ripoti za namna hiyo kila wiki. Nilijijengea mazoea ya kutafuta kwanza kama katika maisha yake yote mshauri huyo amewahi kumwambia mteja asifanye. Wengi hawakuwa na mfano hata mmoja wa kunionyesha.

Kuna ugonjwa mwingine, huu wa lugha. Unaitwa kuhakikisha. Fungua ripoti yoyote ya Kiswahili, ya kampuni au ya serikali, nenda kwenye mapendekezo, uhesabu. Menejimenti ihakikishe mapato yanakusanywa. Uongozi uhakikishe vifaa vinatunzwa. Wadau wahakikishe ushirikiano unaimarishwa. Kitenzi hiki kinamwambia mtu afike bila kumwonyesha njia. Kama mapato hayakusanywi, menejimenti inalijua hilo na haipendi. Anachotaka mkurugenzi kujua ni afanye nini Jumatatu asubuhi. Apunguze vituo vya malipo? Amwondoe karani anayepokea fedha na kuandika stakabadhi kwa mkono uleule? Pacha wa kuhakikisha ni kutendwa: inapendekezwa, imeonekana, hatua madhubuti zichukuliwe. Inapendekezwa na nani, kwa nani? Zichukuliwe na nani, lini, kwa fedha ipi? Kiswahili chetu kina mnyambuliko mtamu wa kutendwa, na utamu huo unaficha watu. Mimi niliwataka vijana wangu waandike kila pendekezo likianza na cheo cha mtu: Meneja wa Ghala afanye hivi kabla ya tarehe fulani. Walilalamika kwamba ni utovu wa adabu kumwagiza mkubwa namna hiyo. Niliwajibu kwamba mkubwa huyo amelipa ili aagizwe.

Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali nazo hazijanusurika na kuhakikisha, zimejaa tele. Lakini zina jambo ambalo ripoti za biashara zingefaa kuliiga. Mkaguzi huyo, ambaye kazi yake imewekwa katika ibara ya 143 ya Katiba, hukabidhi ripoti kwa Rais, nayo kisha huwasilishwa bungeni. Na ndani yake hurudi kwenye mapendekezo ya miaka iliyopita na kueleza yapi yametekelezwa, yapi yako njiani, yapi hayajaguswa, yapi yamepitwa na wakati. Huweka pia majibu ya menejimenti. Mtu anayejua kwamba mwakani ataulizwa kuhusu pendekezo lake huliandika kwa namna ya kuweza kupimwa. Mshauri wa kibiashara haulizwi. Akishalipwa awamu ya mwisho, huonekana tena kwenye zabuni nyingine. Laiti hadidu za rejea zingemtaka arudi baada ya miaka miwili, kwa malipo madogo tu, aketi na mteja wafungue pamoja sura ile ya mwisho! Sijapata kuona mkataba wa namna hiyo.

Niseme machache juu ya kipengele ambacho wengi hukiona cha unyonge, nacho ni mipaka ya utafiti. Vijana hukiandika kama maombi ya msamaha: muda ulikuwa mfupi, fedha zilikuwa chache, baadhi ya waliohojiwa hawakurudisha hojaji. Hayo hayamsaidii mtu. Mipaka yenye faida ni ile inayoeleza hitimisho litaanguka pale kitu gani kitakapobadilika. Chukua viwanda vya korosho. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 nchi yetu ilijengewa viwanda kumi na viwili vya kubangua korosho. Uzalishaji ulikuwa umefikia zaidi ya tani 140,000 katika msimu wa 1973/74. Katika msimu wa 1986/87 ulikuwa chini ya tani 20,000. Wakulima walikuwa wamehamishiwa vijijini, mbali na mikorosho yao. Bei ya mkulima ilikuwa duni. Na ugonjwa wa ubwiriunga ulikuwa umeshika mashamba. Viwanda vilikuwa vizuri, ila tumbo lake lilikosa chakula. Mantiki nzima ya kuvijenga ilisimama juu ya mguu mmoja, kwamba korosho zitaendelea kuja kwa wingi uleule. Mguu wa namna hiyo unastahili kuandikwa katika hitimisho, kwa herufi za kawaida, bila kelele: viwanda hivi vinafaa maadamu mavuno hayashuki chini ya kiasi hiki, na kila msimu kabla ya kuagiza mtambo mwingine mavuno yahesabiwe upya. Badala yake, aghalabu tunafunga ripoti kwa ile sentensi ya wavivu, kwamba utafiti zaidi unahitajika. Zaidi juu ya nini? Asiyeweza kulitaja swali linalobaki hajalielewa lile alilolijibu.

Imebaki habari ya muhtasari, ambao huandikwa mwisho na kubandikwa mwanzo. Wengi huandika muhtasari kwa kukata maneno kwenye hitimisho, kama mtu apunguzaye suruali, na maneno yanayokatwa kwanza huwa ni yaleyale madogo: iwapo, huenda, isipokuwa, kwa sharti. Nilikuwa na desturi ya kuweka mezani mwili wa ripoti, hitimisho na muhtasari, nikifuatilia sentensi moja inavyosafiri. Katika andiko moja la kiwanda cha kukamua alizeti, mwili wa ripoti ulisema kiwanda kitajiendesha kwa faida iwapo kitapata mbegu kwa miezi tisa ya mwaka. Hitimisho likasema kitajiendesha kwa faida kikipata mbegu za kutosha. Muhtasari ukasema kitajiendesha kwa faida. Nilizinakili sentensi hizo tatu kwenye karatasi moja, moja chini ya nyingine, nikaipachika juu ya faili kabla ya kikao. Mwenyekiti alizisoma kwa sauti. Mkopo ulikubaliwa kwa sharti la ile miezi tisa, na mwombaji, kabla ya kuagiza mtambo, alipanda basi kwenda Singida kutafuta wakulima wa kuingia nao mkataba.